São Paulo kwa mara ya kwanza: chagua stesheni kwanza, hoteli baadaye

Wengi wanaotoka kwetu kwenda São Paulo hawaendi kutalii. Wanaenda kununua nguo za jumla, kuhudhuria mkutano, kusoma, au wanapita tu kuelekea nchi nyingine ya Amerika Kusini na kulala siku mbili tatu. Picha za Brazili tulizozizoea ni za fukwe za Rio de Janeiro, na São Paulo haina ufukwe. Iko juu ya uwanda, mita 760 hivi kutoka usawa wa bahari. Sensa ya 2022 ilihesabu watu wapatao milioni 11.45 ndani ya mipaka ya jiji, na ukijumlisha miji iliyoshikana nalo wanapita milioni 20.

Ukubwa huo ndio unaomshinda mgeni. Mtu anapata hoteli nzuri ya bei poa, anaona kwenye ramani iko "karibu", kisha kila siku saa nzima inamwishia kwenye foleni ya kwenda na nyingine ya kurudi. Kwa hiyo ushauri wangu mkuu ni mmoja, na nitaurudia bila haya: kila unachopanga, kipange kwa kuangalia stesheni ya metro.

Hatua ya 1: Mambo ya kumaliza ukiwa bado nyumbani

Anza na visa. Brazili ina ubalozi Dar es Salaam na Nairobi. Waulize wao wenyewe masharti ya pasipoti yako kwa wakati huo, usitegemee alichosikia jirani. Ukiwa unaulizia visa, ulizia pia CPF, yaani namba ya mlipakodi. Hata mgeni asiyeishi Brazili anaruhusiwa kuiomba kupitia ubalozi. Siyo lazima kwa safari fupi, lakini mifumo mingi ya kununua tiketi na bidhaa mtandaoni inagoma bila namba hiyo. Mfanyabiashara anayetarajia kurudi asiikose.

Pili, chanjo ya homa ya manjano. Shirika la Afya Duniani linaishauri kwa wanaokwenda jimbo la São Paulo, na cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa. Kama ulichomwa zamani, kadi yako ni ya maisha. Utaratibu wa kurudia kila miaka 10 ulifutwa mwaka 2016.

Tatu, umeme. Brazili wanatumia plagi ya pini za mviringo, kwa hiyo plagi yetu ya pini tatu za bapa haiingii. Adapta ya kawaida yenye pini mbili nyembamba za mviringo, ile ya Ulaya, inaingia bila shida. Jambo ambalo watu hawaliangalii ni nguvu ya umeme wenyewe: São Paulo soketi nyingi ni volti 127, wakati kwetu ni 230 hadi 240. Chaja ya simu na ya kompyuta haina tatizo, maana karibu zote zimeandikwa 100–240V. Pasi au mashine ya kukaushia nywele uliyonunua Kariakoo iache nyumbani. Itapata joto hafifu la kuvunja moyo.

Nguo: beba sweta hata kama unaenda Januari. Misimu yao ni ya kusini mwa dunia. Juni hadi Agosti ni baridi, na usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Desemba hadi Machi ni joto na mvua kubwa za alasiri zinazofurika barabarani kwa dakika chache. Wakati huo panga shughuli zako nzito asubuhi.

Saa: wako nyuma yetu kwa saa sita mwaka mzima. Adhuhuri ya Nairobi, kule ndiyo kwanza saa kumi na mbili asubuhi.

Hatua ya 2: Chagua stesheni

Fungua ramani ya metro kabla ya kufungua tovuti ya hoteli. Laini zina namba na rangi: 1 ya bluu, 2 ya kijani, 3 nyekundu, 4 ya njano, 5 ya zambarau hafifu, na 15 ya fedha ambayo ni reli ya juu. Kisha tafuta malazi ambayo unaweza kutembea kwa miguu dakika kumi au chini hadi stesheni, kwenye barabara yenye watu.

Kwa mgeni wa mara ya kwanza, mimi ningekaa maeneo ya Avenida Paulista, karibu na stesheni za Brigadeiro, Trianon-Masp au Consolação, ambapo laini ya kijani inapita chini ya barabara yenyewe na ya njano iko jirani. Ukitaka utulivu na bei nafuu kidogo, Vila Mariana na Ana Rosa ni mitaa ya watu wa kawaida, yenye maduka ya mikate na masoko, na laini ya bluu inakufikisha katikati ya jiji bila kubadilisha. Pinheiros ni pa watu wanaopenda migahawa na maisha ya usiku.

Katikati ya jiji, yaani República, Sé na Luz, hoteli ni rahisi zaidi, na mchana pana mengi ya kuona. Usiku ni habari nyingine. Maduka yakifungwa mitaa inabaki mitupu, na maeneo yanayozunguka Luz yamekuwa kwa miaka mingi kimbilio la watumiaji wa dawa za kulevya wanaolala barabarani. Asiyejua mtaa upi uko salama na upi hauko salama asianzie hapo, hata kama bei inavutia.

Hatua ya 3: Kutoka uwanja wa ndege

Ndege za kimataifa hutua Guarulhos, kilomita 25 hivi kutoka katikati ya jiji. Ukipitia Addis Ababa utakuwa umekaa angani kama saa kumi na mbili, umechoka, na una masanduku. Siku hiyo usijitie ushujaa. Chukua teksi kwenye kaunta rasmi ndani ya jengo, au agiza gari kwa programu ya Uber au ile iitwayo 99 ukiwa umeunganishwa na intaneti ya bure ya uwanjani. Anayekufuata mlangoni akikunong'oneza "taxi, taxi" mpite.

Ukiwa na begi moja na umefika mchana, treni ya Laini 13, iitwayo Jade, inafaa sana. Stesheni yake haiko ndani ya jengo la abiria. Kuna usafiri wa bure wa kukupeleka. Baadhi ya treni huenda moja kwa moja hadi Luz kwa saa maalumu, na nyingine unabadilisha stesheni ya Engenheiro Goulart. Lipo pia basi la kawaida la bei ndogo linalokwenda stesheni ya metro ya Tatuapé.

Hatua ya 4: Kutumia metro bila kubabaika

Nauli ya metro ni zaidi kidogo ya reali 5 (reali ndiyo fedha ya Brazili), safari ndefu au fupi. Ukishaingia unaweza kubadilisha laini za metro, na hata kuingia treni za miji ya pembeni, bila kulipa tena ilimradi hujatoka kwenye lango. Wengi hutumia kadi ya Bilhete Único, lakini mgeni anaweza kugusa kadi yake ya benki moja kwa moja kwenye lango la stesheni. Treni huanza saa kumi na dakika arobaini alfajiri na kufunga kama saa sita usiku, Jumamosi kama saa saba.

Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, na saa kumi na moja hadi saa moja na nusu jioni, laini nyekundu na stesheni ya Sé hujaa kiasi kwamba unasukumwa kuingia na kusukumwa kutoka. Begi la mgongoni livae kifuani. Ukiweza, tembea nje ya saa hizo.

Mabasi ya jiji unapanda mlango wa mbele, unalipa, unapita kizingiti, unashukia nyuma. Tangu Desemba 2023 mabasi ya manispaa ni bure siku ya Jumapili, na hiyo ndiyo siku nzuri ya kulizunguka jiji bila haraka. Bodaboda usizitegemee. Halmashauri ya jiji imekuwa ikipambana mahakamani na kampuni za programu za usafiri kuhusu pikipiki za abiria, na pikipiki utakazoziona zikipenya kati ya magari kwa kasi ya kutisha nyingi ni za kupeleka chakula na vifurushi. Kabla ya kushuka kwenye gari, tazama kioo cha pembeni ndipo ufungue mlango.

Hatua ya 5: Pesa

Karibu kila mahali wanapokea kadi, hadi kwa muuza nazi wa bustanini. Mhudumu atakuuliza "crédito ou débito?" Kwa kadi ya nje jibu "crédito", ikikataa, mwambie ajaribu "débito". Mashine ikikupa chaguo la kulipa kwa dola au kwa reali, chagua reali daima, la sivyo unakatwa kwa kiwango kibaya cha ubadilishaji.

Utaona Wabrazili wanalipa kwa Pix, mfumo wa benki kuu yao ulioanza Novemba 2020, ambao kwao una nafasi kama ya M-Pesa kwetu. Unahitaji akaunti ya benki ya huko, kwa hiyo mgeni wa muda mfupi hana haja nao. Beba noti ndogo chache kwa ajili ya soko la mtaani. Pesa taslimu toa kwenye mashine zilizo ndani ya benki au ndani ya jengo la maduka, mchana, kamwe si ile iliyo peke yake kando ya barabara.

Kwenye supamaketi keshia atakuuliza kitu kwa haraka: "CPF na nota?" Anataka kujua kama risiti iandikwe namba ya mlipakodi. Sema "não" na mambo yanaendelea. Mgahawani, asilimia 10 ya huduma kwa kawaida huwa tayari imeandikwa kwenye bili. Si lazima kisheria, ila wengi hulipa.

Hatua ya 6: Kula

Hapa São Paulo inakulipa taabu zote. Kwa kifungua kinywa ingia padaria, duka la mikate la mtaani. Mlangoni au kaunta utapewa kadi au kipande cha plastiki chenye namba, kiitwacho comanda. Kila unachoagiza kinaandikwa humo, na unalipa mwishoni kwa keshia aliye karibu na mlango wa kutokea. Ilinde comanda, maana ukiipoteza utaambiwa ulipe faini, na kiasi chake mara nyingi kimechapwa juu yake. Agiza pão na chapa, mkate uliopakwa siagi na kubanwa juu ya bamba la moto mpaka ukakauka kingo, pamoja na média, kahawa ya maziwa. Simama kaunta kama wenyeji. Ni mlo wa dakika kumi na ni wa bei ndogo.

Mchana tafuta maandishi "por quilo". Ni mgahawa ambao unajipakulia mwenyewe, sahani inapimwa, unalipa kwa uzito. Kwa asiyejua Kireno hakuna utaratibu bora, kwa sababu unakiona unachokichukua. Au agiza prato feito: wali, maharage, nyama au samaki, na kachumbari. Mtu wa pwani au wa bara hapo hajisikii mgeni. Pão de queijo, mikate midogo ya wanga wa muhogo na jibini, inauzwa hadi stesheni za metro.

Usikose feira, soko la mtaani linalofunga barabara moja siku moja ya wiki na kuhamia nyingine kesho yake. Pale kula pastel, ambayo ni kama sambusa kubwa ya bapa iliyokaangwa mbele yako, na unywe juisi ya miwa, caldo de cana.

Waislamu wawe macho: maharage mengi hupikwa na bekoni au soseji ya nguruwe, na feijoada, mlo maarufu wa Jumatano na Jumamosi, umejaa nyama ya nguruwe. Jiji lina Waarabu wengi waliotoka Lebanoni na Siria, kwa hiyo maeneo ya Brás na Pari utapata misikiti na migahawa ya halali. Mesquita Brasil, uliopo Cambuci na ulioanza kujengwa 1929, ni miongoni mwa misikiti ya zamani zaidi Amerika ya Kusini.

Onyo moja la Mercado Municipal, soko la kihistoria la mwaka 1933: wauza matunda wa ndani hukukatia vipande vya kuonja kwa ukarimu mkubwa, wakifunga mfuko huku wakiongea, na bei inakuja mwishoni ikiwa mamia ya reali. Vyombo vya habari vya huko vimelilalamikia sana jambo hili. Angalia dari na vioo vya rangi, kula sandwichi ukipenda, matunda kanunue feira.

Hatua ya 7: Simu yako

Wizi unaomgusa mgeni zaidi São Paulo ni wa simu. Vibaka wa baiskeli na pikipiki huipokonya mkononi mwa mtu aliyesimama ukingoni mwa njia ya miguu au aliyeketi kwenye gari lenye dirisha wazi kwenye taa. Wanaitaka ikiwa imefunguliwa, ili waingie kwenye programu za benki kabla hujapata pa kupigia.

Kwa hiyo usitazame ramani ukitembea. Ingia dukani au ndani ya stesheni, soma njia, weka simu mfukoni, ndipo utoke. Ukisubiri gari la programu, subiri ndani. Laini yenye M-Pesa, Mixx au Airtel Money iwekee namba ya siri ya laini yenyewe, na kama una simu ya pili ya bei ndogo, laini hiyo ikae humo hotelini. Kabla ya safari piga *#06#, andika namba ya IMEI kwenye karatasi, na jua namba ya mtandao wako ya kupiga ukiwa nje ya nchi.

Ukikabwa, toa. Usibishane, usikimbilie mfuko ghafla. Kisha ukaandikishe boletim de ocorrência, ripoti ya polisi ambayo bima itaidai. Polisi ni 190, gari la wagonjwa 192, zimamoto 193.

Jambo la kusema wazi: wengi wetu tutadhaniwa ni Wabrazili weusi, na tutasemeshwa Kireno kwa kasi. Mara nyingi hilo ni raha, unapotea katika umati. Lakini walinzi wa maduka na polisi wa huko wanalalamikiwa kwa kuwasimamisha weusi kuliko wengine. Ukisimamishwa, mikono ionekane, sema "sou estrangeiro" (mwanamke "sou estrangeira"), onyesha nakala ya pasipoti. Ubaguzi wa rangi ni kosa la jinai Brazili kwa sheria ya 1989, na tangu 2023 hata tusi la kibaguzi kwa mtu mmoja huhesabiwa humo. Una haki ya kushtaki.

Hatua ya 8: Ukiugua

Hospitali za umma chini ya SUS, mfumo wa afya wa taifa, humtibu kila mtu bure, mgeni pia. Kwa dharura tafuta kituo kiitwacho UPA. Sasa shika hili kuliko yote katika mwongozo huu: São Paulo haina malaria ya mjini kama tuijuavyo sisi, malaria ya Brazili karibu yote iko Amazoni. Ukipata homa, daktari wa kule atafikiria kwanza dengue, ambayo husambaa sana miezi ya mvua. Lakini wewe unaweza kuwa umebeba vimelea kutoka nyumbani. Mwambie bila kuulizwa: "Natoka Tanzania", au Kenya, au Kongo, "nataka kipimo cha malaria". Instituto Emílio Ribas, karibu na stesheni ya Clínicas kwenye laini ya kijani, ni hospitali ya magonjwa ya kuambukiza na inayajua mambo haya. Kuchelewa siku mbili kwa malaria kali ni hatari ya kifo.

Bafuni nako kuna la kujua. Maji ya moto mara nyingi hutoka kwenye kichwa cha bomba chenye waya wa umeme juu yake. Kina swichi yenye majira ya joto, majira ya baridi na kuzima. Igeuze maji yakiwa yamefungwa, wala usiiguse ukiwa umelowa. Ukitaka maji yawe moto zaidi, punguza mtiririko. Karatasi ya chooni weka kwenye ndoo iliyo pembeni.

Hatua ya 9: Siku zako za nafasi

Jumapili asubuhi nenda Avenida Paulista. Magari hufungiwa na barabara ya karibu kilomita tatu inageuka ya watu: wapiga muziki, watoto wa baiskeli, wazee wanaocheza. MASP, jumba la sanaa lililoinuliwa juu ya nguzo nyekundu, kazi ya msanifu Lina Bo Bardi, lipo hapo hapo. Jumanne kiingilio ni bure.

Bustani ya Ibirapuera ina Museu Afro Brasil, iliyofunguliwa 2004. Ipe nusu siku nzima. Biashara ya watumwa, dini, useremala, uchapaji, mavazi, mashujaa weusi wa Brazili, vyote viko pale, na kwa Mwafrika ni vigumu kupita haraka.

Liberdade inatangazwa kama mtaa wa Wajapani, na kweli chakula ni kizuri. Kabla yao palikuwa pa weusi. Kiwanja kilicho jirani na stesheni ndipo palipokuwa na mti wa kunyongea, na kanisa dogo la Aflitos liko uchochoroni hatua chache tu. Ingia ukatazame.

Kwa nguo za jumla ni Brás, laini nyekundu. Fika alfajiri, maana maduka mengi hufunga alasiri, na uliza idadi ya chini kabla ya bei. Wafanyabiashara wa Angola wamepajua siku nyingi. Ukitaka kusukwa nywele au kukutana na Waafrika wengine, panda hadi República, kwenye majengo ya maduka ya Rua 24 de Maio.

Hatua ya 10: Kurudi

Barabara ya kando ya mto Tietê inayoelekea Guarulhos hujaa jioni na hufurika mvua ikinyesha. Ndege ikiwa ya usiku, ondoka hotelini ikiwa imebaki muda wa saa tano kabla ya kuruka. Masanduku ya Brás yapime hotelini. Kulipia uzito kaunta kunakula faida yote.

Kadi ya homa ya manjano isiingie kwenye sanduku unalokabidhi. Brazili imo katika orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, na afisa wa afya wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuiulizia kabla hujafika dirisha la pasipoti.